Mwanafunzi na Shaka ya Nafsi Mbele ya Karatasi

Tumeulizwa na vijana kadha wa kadha wahudhuriao darsa zetu, na wengine walioko masomoni Nairobi, Eldoret na Kilifi, suala ambalo kwa dhahiri yake laonekana ni la vyuo vikuu, si la baraza yetu hii. Suala lenyewe ni hili: mtu amesoma, amefaulu, amepata shahada yake ya kwanza, akakubaliwa kusoma ya uzamili. Masomo ya darasani ameyamaliza vyema. Kisha amefika pahala pa kuandika insha kubwa, au tasnifu yenyewe, na hapo mkono umekufa ganzi. Kila akaapo kuandika husikia ndani ya nafsi yake sauti imwambiayo: wewe hukustahiki kuwa hapa, waliokukubali walikosea, na siku watakapoyasoma maandishi yako watakujua ulivyo. Je, sauti hii ni nasaha au ni wasiwasi? Na mtu aifanyeje?

Tumeona yatupasa kulijibu suala hili kwa urefu, kwa sababu madhara yake hayamshiki mtu mmoja tu. Mzee amekopa katika chama cha akiba, mama ameamka alfajiri miaka mingi kukanda unga wa mahamri ya kuuza, ami na shangazi wametoa walichonacho. Na mwana yuko nyumbani mwaka wa nne, akiulizwa tasnifu imefika wapi hujibu kuwa iko karibu kwisha, ilhali ukurasa wa kwanza haujatulia. Wako ambao hata harusi na maziko wamepunguza kuhudhuria, si kwa kukosa nafasi, bali kwa kulikimbia swali hilo. Na wako dada zetu ambao hali yao ni nzito zaidi, maana wao huandika usiku watoto wakishalala, na saa mbili walizozipata kwa taabu huzimaliza wakiitazama karatasi.

Hasara nyengine ni ya mji. Vitabu vingi juu ya pwani yetu, juu ya lugha yake, misikiti yake, majahazi yake na mashairi yake, vimeandikwa na wageni. Baadhi yao wamefanya kazi kwa insafu kubwa na twawashukuru. Lakini yako mambo ambayo mgeni hayasikii hata akiishi nasi miaka kumi, na aliyezaliwa Kibokoni au Mkomani huyasikia bila ya kuyatafuta. Huyu naye akinyamaza kwa kujishuku, basi pengo hilo hapana wa kuliziba.

Kwanza yataka ijulikane kwamba hali hii si ajabu wala si mpya, wala haiwapati wajinga. Mwaka 1978 wanawake wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, wataalamu wa elimu ya nafsi, waliandika makala juu ya wanawake zaidi ya 150 waliokuwa wamefaulu sana katika masomo na kazi. Waliona kwamba wengi wao, juu ya vyeti vyao na sifa walizopewa, waliamini ndani ya mioyo yao kuwa wamewahadaa watu, na kwamba kufaulu kwao kulikuwa ni bahati, au kosa la wasahihishaji, au hisani ya walimu. Wakaipa hali hii jina, maana yake kwa lugha yetu ni kujiona mlaghai. Baadaye watafiti wengine wakaikuta kwa wanaume pia. Clance mwenyewe ameeleza kuwa aliionja alipokuwa mwanafunzi wa shahada ya juu. Wala wao hawakuiita ugonjwa. Neno la ugonjwa limetiwa na watu baadaye. Ni hali tu, na mwenye kupatwa nayo hahitaji kulazwa hospitali.

Tazama basi ajabu ya jambo hili. Ushahidi wa kufaulu upo, umeandikwa na kupigwa muhuri, na bado nafsi haiukubali. Kila ushahidi mpya hupewa taawili ya kuuondosha. Akipata alama nzuri husema mtihani ulikuwa mwepesi. Akipata mbaya husema, si nilijua! Kwa hukumu ya namna hii hapana mtu duniani awezaye kushinda kesi yake.

Wanafunzi wetu waliopita chuoni wanaijua kanuni moja ambayo wanazuoni wa fiqhi wameijengea masala mengi, nayo ni kwamba yakini haiondoki kwa shaka. Mtu aliyetawadha kwa yakini, kisha akashuku kama udhu wake umetanguka au la, hukumu yake ni mtu mwenye udhu. Haambiwi arudi birikani kwa sababu ya dhana iliyompitia. Basi sisi twawauliza vijana wetu: kukubaliwa kwako kusoma uzamili, je, ni yakini au ni shaka? Walikaa watu, wakazitazama karatasi zako, wakakuandikia barua. Mitihani ya darasani uliifanya kwa mkono wako. Hayo ni yakini. Na ile sauti, imekuja na hoja gani? Haikuja na hoja yoyote; imekuja na khofu peke yake. Kwa mizani ya kanuni tuliyoitaja, khofu bila ya dalili haitoshi kuuvunja udhu, seuze kuvunja kazi ya miaka mitano.

Tena, nani miongoni mwetu hajapata kumwona mtu wa wasiwasi penye birika la msikiti? Yuaosha mkono, yuarudia, yuaosha tena, ashuku kiwiko, aanze upya. Na huku ndani imamu amekwisha inuka rakaa ya pili. Mtu huyu si mvivu. Kwa hakika amefanya kazi mara saba kuliko wenziwe, na swala imempita. Wala usimdhanie kuwa ni mtu asiyejali. Kujali kwake ndiko kulikomfunga. Ndivyo alivyo mwanafunzi aandikaye sentensi ya kwanza, akaifuta, akaiandika, akaifuta, mpaka adhana ya alfajiri. Na dawa waliyoitaja wanazuoni kwa mwenye wasiwasi ni ile ile: asiusikilize, aendelee mbele. Hawakumwambia ajadiliane nao, kwani kujadiliana nao ndiko kuulisha.

Lakini hapa patazuka mtu atuambie: je, hapana shaka iliyo ya haki? Je, kila ajishukuye aambiwe aendelee tu, hata kama kweli hajui asemalo? Suala hili ni zuri, na jawabu yake ndiyo kiini cha makala yetu. Shaka ya haki ipo, na bila ya hiyo hapana elimu. Farka yao ni hii. Shaka ya haki hutaja kitu. Hukwambia: hukukisoma kitabu fulani na kila mtu katika mlango huu amekitaja, hesabu ya ukurasa wa thalathini hailingani na ya ukurasa wa arubaini, umemnukuu mzee mmoja na umesema wazee. Shaka ya namna hii ni rafiki wa mwanafunzi, na yafaa aiandike pembeni ya karatasi na kuishughulikia moja moja. Ama ile nyengine haitaji kitu, humtaja mtu. Husema hufai. Ukiiuliza hufai kwa lipi, haina jawabu. Hurudia tu kuwa hufai. Basi mwanafunzi aijiwapo na shaka naaiulize swali hili moja: nirekebishe nini? Ikitaja, aitii. Isipotaja, aipuuze na aandike sentensi inayofuata.

Tutatoa mfano wa kubuni ili jambo hili lisibaki hewani. Kijana anaandika juu ya wakfu za Mji wa Kale wa Mombasa. Ameandika: wakfu za Mombasa zimeharibika kwa sababu ya usimamizi mbaya. Kisha akaitazama sentensi yake, na ile sauti ikamwambia, wewe ni nani hata useme haya? Akaifuta. Kesho yake akaiandika vile vile, akaifuta vile vile. Wiki mbili zimekwenda.

Sisi twasema: sauti imekosea anwani. Asiulizwe kijana yeye ni nani, iulizwe sentensi. Wakfu zipi, za misikiti au zile zilizowekwa kwa dhuria? Zote, au zile alizoziona hati zake? Kuharibika ni nini hapa: nyumba kuanguka, hati kupotea, au mapato kwenda pasipo pake? Usimamizi mbaya ni wa nani, na wa miaka ipi? Na nani amesema kuwa hiyo ndiyo sababu, huenda ikawa kodi za nyumba hazikupandishwa kwa muda mrefu na fedha za ukarabati hazikupatikana hata kwa msimamizi mwema? Akishaiuliza hivi, sentensi itageuka yenyewe. Itakuwa: katika hati nilizoweza kuzisoma, ambazo nyingi ni za nyumba za Mji wa Kale, kodi haikubadilishwa kwa miaka mingi, na naona kuwa hii ni moja katika sababu za majengo hayo kuchakaa. Hii ni sentensi ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini ina miguu. Mtahini akiisukuma haitaanguka. Na kilichoitengeneza ni shaka ile ile iliyokuwa ikimfunga kijana, illa sasa imepewa kazi yake.

Wala lugha ya kupima namna hii si ya Wazungu peke yao. Aliyesoma Minhaj ya Imam Nawawi anajua jinsi mwanachuoni yule alivyokuwa makini katika kuzipanga kauli kwa nguvu zake: mahala husema kuwa kauli hii ndiyo iliyo dhahiri zaidi, mahala kuwa hii ndiyo sahihi zaidi, na kila neno lina kiwango chake na lajulisha kuwa upande wa pili nao una nguvu kiasi gani. Hakusubiri mpaka kila jambo liwe yakini ndipo ashike kalamu. Aliiandika shaka yake ndani ya kitabu kwa maneno yanayojulikana. Basi mwanafunzi anapoandika naona, au yaelekea, au kwa kadiri ya ushahidi niliouona, asidhani kuwa anaonyesha udhaifu. Anafanya kama walivyofanya wenye kujua.

Wengi kati ya waliotuuliza wametaja khasa suala la lugha. Walilelewa kwa Kiswahili, chuoni wakasoma Kiarabu, na tasnifu yatakiwa kwa Kiingereza. Wanasema fikra huwajia kwa Kiswahili, zikifika kwenye karatasi huwa zimevaa nguo zisizowakaa. Twalikubali hili, na hatutaki kulifanya dogo. Lakini lichambueni kama tulivyochambua lile la wakfu. Kutoijua lugha vyema ni jambo lenye jina na lina dawa: kusoma sana maandishi mazuri ya fani yako, na kumpa mtu mjuzi akusahihishie. Hapana ubaya pia kuandika rasimu ya kwanza kwa Kiswahili, kwa haraka, ili hoja isimame kwanza. Kisha ndipo uihamishe. Na kwa wasomao Kiswahili chenyewe, idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu hupokea tasnifu zilizoandikwa kwa lugha hii tangu miaka mingi, na yashangaza kuona kijana wa pwani akiingiwa na khofu hata huko, eti Kiswahili chake ni cha nyumbani! Cha nyumbani ndicho walichokifuata wataalamu kutoka ng'ambo.

Katika jambo la kuhukumiwa kwa karatasi moja, mji wetu una mfano wake. Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1933, mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Babake alifariki mwaka 1947, naye ni kijana wa miaka kumi na nne. Alipofanya mtihani wa Cambridge wa kumaliza shule alitoka na daraja la tatu, na Makerere, chuo pekee cha elimu ya juu kilichokuwapo Afrika Mashariki wakati huo, hakikumpokea. Akafanya kazi ya ukarani katika taasisi ya MIOME, ambayo leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Alihutubia katika hafla ya Maulidi, na hapa si pahala pa kuzungumza juu ya Maulidi, Gavana wa Kenya akamsikia, na kwa njia hiyo akapata kwenda kusoma Uingereza. Manchester alipata shahada ya kwanza mwaka 1960, ya uzamili Columbia mwaka uliofuata, na ya uzamivu Oxford mwaka 1966. Makerere ile ile ikamchukua kuwa profesa. Mwaka 1967 peke yake alitoa vitabu vitatu, na kimoja wapo kilitokana na tasnifu yake.

Hatukuitaja khabari hii ili kila kijana aambiwe kuwa atakuwa Ali Mazrui. Wengi hawatakuwa, na shahada ya uzamili haiwataki wawe. Twaitaja kwa sababu ile daraja la tatu ilikuwa ni kweli, haikuwa wasiwasi. Karatasi ilisema alichokiandika siku ile, basi. Haikusema ni mtu gani. Ikiwa karatasi yenye muhuri haikuweza kulisema hilo, vipi sauti isiyo na muhuri?

Na hili la kiwango lataka neno zaidi, kwani wengi hujitwisha mzigo ambao hawakutwishwa. Tasnifu ya uzamili haimtaki mtu alete jambo ambalo ulimwengu haujalisikia. Yamtaka aonyeshe kuwa aweza kuuliza swali moja lililo wazi, akasoma waliyoyasema wengine juu yake, akakusanya ushahidi kwa njia inayojulikana, na akahukumu kwa insafu. Ya uzamivu ndiyo hudaiwa mchango mpya, na hata huo aghalabu huwa ni tofali moja katika ukuta mrefu. Mwenye kukataa kuandika mpaka apate la kuwashangaza wote, huyo twaogopa kuwa ndani ya kujishuku kwake mna kitu chengine. Hujiita mnyenyekevu, na kumbe haridhiki kuonekana ameandika kitabu cha kawaida kama wenziwe.

Tuwatazame wakubwa. Imam Shafi'i, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani yetu yote, alikuwa na kauli zake za zamani alizozitoa Iraqi. Alipohamia Misri, katika miaka ya mwisho ya umri wake, alizitazama upya; akabadilisha nyingi, na kitabu chake Risala akakiandika tena. Sisi twaswali kwa kauli zake mpya, illa masala machache. Hapana aliyesema kuwa kwa kubadilisha alijulikana kuwa hakustahiki. Lau angalingoja Iraqi mpaka awe na hakika kuwa hatabadilisha neno, wanafunzi wake wangalibaki mikono mitupu.

Na Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alijitenga katika ngome ya Ibn Salama, katika nchi ambayo leo ni Aljeria, mbali na maktaba za miji. Mwaka 1377 aliiandika Muqaddima, ile rasimu ya kwanza, kwa muda wa miezi mitano. Miezi mitano! Kisha akaona kuwa hawezi kuendelea bila ya vitabu vya kuhakikishia, akarudi Tunis mwaka uliofuata; na baada ya hapo akawa aisahihisha na kuizidisha hata alipokwenda kuishi Cairo, alikofariki mwaka 1406. Tazama mpango wake: kwanza aliyamwaga yaliyokuwa kifuani, kisha akatafuta vitabu vya kuyapima. Vijana wetu hufanya kinyume. Hutaka wapime kila neno kabla halijatoka, na neno likipimwa kabla ya kutoka hugeuka likarudi ndani. Tena mtu huyu mkubwa hakuona haya kuandika humo humo kitabuni kuwa ana upungufu, akawaomba wenye elimu wamtazame kwa jicho la kukosoa, na akawaachia watakaomfuata wakamilishe.

Ama jinsi ya kuifanya kazi yenyewe siku kwa siku, tunalo la kusema kidogo. Sheikh Al-Amin tuliyemtaja alianza kuandika Sahifa mwaka 1930, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah. Zilikuwa ni makala fupi fupi, za kusomwa na watu wa sokoni na barazani. Baadaye baadhi ya makala hizo zilikusanywa zikawa kitabu Uwongozi, ambacho wengi wa wasomaji wetu wanacho majumbani. Kitabu hicho hakikuandikwa kwa mkao mmoja wa miezi sita. Kilijikusanya chenyewe kwa vipande. Na mtaalamu mmoja wa Marekani, Robert Boice, aliyewachunguza wahadhiri kwa miaka mingi jinsi wanavyoandika, alikuta jambo linalolandana na hili: wale walioandika kidogo kila siku, kwa muda mfupi uliowekwa, walitoa kazi nyingi zaidi kuliko waliongojea siku kubwa ya faragha ili waandike mfululizo mpaka wachoke. Twawanasihi vijana: nusu saa baada ya swala ya Alfajiri, kabla simu haijafunguliwa, na usiache mpaka umeandika kitu, hata kiwe kibovu. Kibovu chaweza kusahihishwa. Karatasi nyeupe haina la kusahihishwa.

Howard Becker, mwalimu wa elimu ya jamii huko Chicago, katika kitabu alichokitoa mwaka 1986 amesimulia jinsi alivyowauliza wanafunzi wake wa shahada za juu waeleze kweli kweli jinsi wanavyoandika. Walitahayari, kisha wakasema. Mmoja haandiki illa kwa karatasi za manjano zenye mistari na kalamu ya kijani. Wengine hawawezi kuanza mpaka wasafishe nyumba nzima. Na mara wakagundua kuwa kila mmoja alikuwa na siri yake na alidhani ni yeye peke yake. Katika kitabu hicho hicho mna mlango ulioandikwa na mwalimu mwanamke, Pamela Richards, aliyekwisha kuwa na cheo chuoni, akieleza khofu yake ya kuwaonyesha wenziwe rasimu. Sisi pwani tuna barua zetu na visingizio vyetu, hapana haja ya kuvitaja. Lakini faida ya kisa hiki ni kuwa siri ile ikishasemwa mbele ya wenzi huwa nyepesi.

Lipo jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia. Mwenye kukata tamaa hutafuta mlango wa uani. Leo kuna wenye kuuza insha, na kuna mashine za akili bandia ziwezazo kutoa kurasa ishirini kwa dakika moja. Kijana hujiambia: madhali mimi siwezi, bora nichukue ya mwengine. Na hapa pana kichekesho kichungu. Nchi yetu imejulikana ulimwenguni kwa vijana wake wasomi, wengi wao wa Nairobi, waandikao insha za wanafunzi wa Uingereza na Marekani kwa malipo. Biashara hiyo ilienea hata Uingereza ikapitisha sheria mwaka 2022 ya kuwatia hatiani wenye kuuza insha hizo katika England. Sisi hatuisifu, ni udanganyifu, na pesa yake si safi. Lakini itazame kwa upande wa hoja yetu: kijana wa Kenya aandika insha kwa jina la mtu wa Manchester, na mtu huyo apewa shahada, na kijana mwengine wa Kenya, aliyesoma shule hizo hizo, asema kuwa kwa jina lake mwenyewe hawezi. Basi uwezo haukukosekana. Jina ndilo lililoogopwa.

Na mwenye kununua, tujaalie hakukamatwa, hujikuta ameithibitisha ile sauti. Iliyokuwa ikimwita mlaghai kwa uongo, sasa yamwita hivyo kwa kweli, na hapo hata kanuni ya yakini na shaka haimfai tena.

Tumalizie kwa msimamizi na watahini, kwani huko ndiko khofu zote zinakoelekea. Katika darsa za zamani mwanafunzi alisoma mbele ya sheikh wake, akarudishwa kwa kila irabu aliyoikosea, mbele ya wenziwe, na hakuna aliyelia kuwa amefedheheka. Kurudishwa ndiko kusoma. Basi rasimu ikirudi kutoka kwa msimamizi imejaa wino mwekundu, usiisome usiku ule ikiwa moyo wako mwepesi. Ilaze, uisome mchana. Kisha chukua karatasi nyengine na uandike kila alilolitaja, moja chini ya moja, kwa maneno yako. Utaona kuwa yote ni vitu: rejeo limekosekana, mlango wa pili ni mrefu, neno hili halikufasiriwa. Hutaona pahala palipoandikwa kuwa hufai. Akiwa ameandika maneno ya jumla, mwendee umuulize, kwa adabu, pahala gani khasa.

Na siku ya kutahiniwa utaulizwa mengi, na mojawapo hutalijua. Hilo ni la yakini. Hata watahini walitahiniwa na wakaulizwa wasilolijua. Jibu kuwa hilo hukulichunguza katika kazi hii, na utaje ni kitabu gani au watu gani ungaliwaendea kama ungalilichunguza. Aghalabu watahini hutoka na orodha ya masahihisho na kumpa mwanafunzi miezi kadhaa ayafanye. Ichukue orodha hiyo, uulize tarehe ya kurudisha, na uanze na lililo jepesi.